Ndoo ya Chini Kisimani

Mashine ilisema haijapata maji, na vijiko vilikuwa vinachuruzika.

Stamili alifunga mlango wa mashine, akaufungua tena, akainama kuchungulia. Sahani zimelowa. Vikombe vimelowa. Kwenye kioo kidogo cha mbele herufi moja na namba moja zilikuwa zinawaka na kuzima kwa rangi nyekundu: E1. Alichukua kijitabu kilichokuja na mashine, akafungua ukurasa wa makosa, ambao kwa wiki ile moja ulikuwa umeshachakaa kwa vidole vyake. E1, kijitabu kilisema kwa Kiingereza cha kiwandani, maana yake maji hayaingii.

"Hayaingii vipi na mimi nayaona?" aliiuliza mashine, kwa sauti ile anayowaulizia wanafunzi wa darasa la tano waliochelewa namba.

Mashine ililia pi, pi, pi, ikanyamaza. Kisha jikoni kukanukia mvua, ile harufu ya udongo mkavu unapopigwa na matone ya kwanza. Ilikuwa mwezi wa kumi. Newala mvua hainyeshi mwezi wa kumi, na huko nje jua lilikuwa linapasua vichwa vya watu na mabibo yalikuwa yanachachia chini ya mikorosho.

Turudi nyuma kidogo, maana balaa halianzii pale linapoonekana.

Newala iko juu na maji yako chini. Hilo mtoto wa kule analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Nyumba yenye heshima zake ina bati, ina mfereji wa bati pembeni, na ina kisima uani cha kukingia mvua, kimesakafiwa kwa saruji na kufunikwa. Mvua zikishakatika mnakunywa kwa kupima: ufito wenye alama za kisu huteremshwa kisimani kila Ijumaa, na alama ikishuka sana, watu wanaoga kwa kikombe. Katika mji wa namna hiyo ndipo wifi yake Stamili, Shamila wa Dar es Salaam, alipoleta kwa lori mashine ya kuoshea vyombo. Ni sawa na kumzawadia mwenye kipara kitana. Lakini Stamili aliipenda. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa chaki mchana na sabuni jioni, na ujumbe wa wifi ulisema: "Pumzisha mikono, mke wa kaka." Nani akatae?

Majirani walikuja kuitazama. Dominika wa nyumba ya pili alikaa kwenye kigoda mbele yake, mikono kifuani, akaingoja iungurume. Haikuunguruma. Iliandika E1.

"Imesemaje?" Dominika aliuliza.

"Inasema maji hayaingii."

"Hilo hata mimi ningewaambia, tena bila umeme."

Siku hiyo ya kwanza E1 ilikuwa ya kweli, tena ya halali. Stamili alimpigia simu Gasper, fundi wa majokofu wa Masasi, wakashughulika kwa simu saa nzima.

"Bomba umefungua, mwalimu?"

"Nimefungua."

"Mpira haujajikunja nyuma?"

"Umenyooka."

"Pale mpira unapoingilia kuna chujio. Litoe, lisugue na mswaki."

"Nimelisugua mpaka linang'aa, Gasper."

Gasper alifikiri. "Basi pampu yenu haifikii maji. Shusha mpira wa pampu kisimani mpaka uguse sakafu."

Hapo Stamili alisita. Nyumba ile ilikuwa na watu wanne: yeye, mumewe Ashiru ambaye msimu wa korosho ulikuwa umemfunga ghalani Masasi, binti yao Naima wa miaka sita, na mama mkwe. Na mama mkwe alikuwa na neno moja alilolirudia kila kiangazi, akichota au akichotewa: ndoo ya chini haitekwi. Stamili ni mzaliwa wa Masasi, ambako maji hutoka ardhini kama ilivyo desturi ya maji, na kwa miaka minane aliyokaa Newala aliamini bibi anakwepa tope. Hakuwahi kuuliza. Na siku ile mama mkwe alikuwa shambani anaokota korosho.

Aliushusha mpira mpaka ukagota.

Pampu ilikohoa mara mbili, ikavuta. Mashine ikaunguruma kwa furaha, na baada ya saa moja na nusu vyombo vikatoka vinameremeta. Stamili akavipiga picha, akamtumia wifi. Jioni mama mkwe alirudi, akateremsha ufito, ukagonga saruji kavu. Aliufuta ufito kwa kanga, akauegesha ukutani.

"Mmemaliza?" aliuliza.

"Boza la maji linakuja kesho, mama. Limeshalipiwa."

"Boza," alisema yule mama, akaingia chumbani kwake bila kula.

Angesema siku ile, mambo yangekuwa mengine. Lakini kwao mama mkwe hamkemei mke wa mwanawe. Humwambia mwanawe, naye mwanawe akamwambia mkewe, ili nyumba isiwe na vinywa viwili. Mwanawe alikuwa Masasi, na neno zito kama hilo halisemwi kwa simu. Basi bibi akafunga mdomo, akangoja Jumapili Ashiru aje. Ashiru hakuja Jumapili.

Boza likaja, kisima kikajaa nusu. Na kuanzia hapo ndipo E1 ikarudi, na vijiko vinachuruzika.

Mara ya kwanza Stamili alicheka. Mara ya pili alisugua chujio. Mara ya tatu, nafsi ikiwa haitulii, alichukua ufito mwenyewe. Kijitabu kilisema mashine inatumia maji ya ndoo moja kwa kuosha mara moja. Ufito ulisema zimekwenda ndoo kumi na tano. Alizunguka nyumba nzima akitafuta panapovuja. Alipapasa ukuta, alifukua kando ya bomba, alilala kifudifudi kutazama chini ya mashine kwa tochi ya simu. Pakavu. Maji yalitoka kisimani, yakaingia kwenye mpira, na mashine ikaapa kwamba hayajafika.

Basi yaliishia wapi?

Siku hizo hizo Naima alianza kuomba maji.

Mtoto kuomba maji mwezi wa kumi si ajabu. Lakini huyu alikunywa kikombe, akasimama na kikombe mkononi, akasema, "Mama, nina kiu." Akapewa kingine. "Mama, nina kiu." Alikunywa maji ya kunawia. Alifyonza mabibo mpaka mashavu yakamchubuka. Midomo yake ikapasuka, na ukimbana ngozi ya mkono ilibaki imesimama. Stamili alimpeleka hospitali, akapimwa sukari, akapimwa mkojo, akapimwa malaria. Hakuna kitu. Daktari alimwangalia mtoto, akaangalia karatasi, akaandika anywe maji kwa wingi. Stamili alirudi nyumbani na karatasi ile mkononi, akalia njia nzima bila kujificha.

Jumamosi, saa saba mchana, umeme ulikatika. Mtaa mzima ulinyamaza: redio ya Dominika, mashine ya kusaga, kila kitu. Stamili alikuwa chumbani anasahihisha madaftari, akasikia jikoni pi, pi, pi.

Alijiambia ni simu. Simu ilikuwa mapajani mwake.

Alikwenda polepole, miguu mitupu. Naima alikuwa ameketi sakafuni mbele ya mashine, shavu amelibandika mlangoni, na juu ya kichwa chake ile E1 ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, wakati taa ya jokofu imezimika na feni imesimama na waya wa mashine yenyewe, Stamili aliuona kwa macho yake, umelala sakafuni haujachomekwa popote.

"Naima. Ondoka hapo."

"Anasema ana kiu, mama," Naima alinong'ona.

"Nani?"

"Wa humu. Nikampa kikombe changu, akanywa. Mama, mbona nikimpa, mimi ndiye ninayekauka?"

Stamili alimnyakua, akatoka naye uani, akaketi naye juani, jua lile kali ambalo watu hulikimbia, kwa sababu ndani mlikuwa na baridi na mnanukia mvua.

Jumatatu Gasper alikuja mwenyewe kutoka Masasi na mkoba wa vifaa. Ni kijana mcheshi, anaimba akifanya kazi. Alihakikisha waya haujachomekwa, akauviringisha kando, akafungua kifuniko cha chini, akaonyesha: pakavu, vumbi tupu. Akaomba pampu iwashwe. Mpira ukatuna, maji yakasikika yanapita ndani yake, gu gu gu gu, yanaingia kwenye mashine, na chini hapakutoka hata tone. Gasper aliacha kuimba. Aliingiza mkono kwenye tundu pale mpira unapoishia, ili apapase maji yanakwenda wapi.

Aliutoa kwa nguvu, akaangukia makalio.

Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na alama nne za tope bichi, na ya tano upande wa pili. Zilikuwa ndogo, za mkono wa mtoto.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, akijifuta na kujifuta kwa shati, "hili halimo kwenye kijitabu." Akatoka. Bisibisi yake aliiacha sakafuni, na hajaifuata mpaka leo.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ameona yote. Alikuja akaketi karibu na Stamili, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kukifanya.

"Nimengoja mwanangu aje akwambie," alisema. "Lakini ntoto anakauka. Sasa nasema mwenyewe, na aibu iwe yangu."

"Sema, mama. Nakuomba sema."

"Huku kwetu kisima kipya hakiachwi kitupu kungoja mvua. Hufundishwa maji. Mimi nilipoolewa hapa, nilishuka bondeni na ndoo, nikachota kwenye chemchemi, nikapanda nayo kichwani, nikaimimina humu kabla mvua haijaonja saruji. Maji yale hayaji peke yake. Yana mwenyewe. Anakaa pale chini, mvua inakuja juu yake, nanyi mnakunywa. Ndoo yake humwachii mtu wala mnyama. Miaka arobaini na mmoja, Mama Naima. Sijaigusa."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini Stamili hakuambiwa sababu, na guu lenyewe lilikuwa la mtoto wake. Alihisi hasira, kisha haya, kisha hofu ikazifunika zote mbili.

Walimwita Bwanali. Huyu ni fundi wa visima, mtu wa saruji na mwiko, ambaye babake ndiye aliyekisakafia kisima kile, na ambaye jioni baada ya kazi huwasomea wagonjwa aya za Kurani. Alikuja na nguo zake za kazi. Shikamoo ya Stamili aliiitikia huku macho yakiwa jikoni.

Alitaka sahani nyeupe. Akaandika kombe kwa zafarani, aya kwa mistari mizuri iliyonyooka, akaiosha kwa maji ya kikombe mpaka ikawa ya manjano, akaisogeza mdomoni kwa Naima. Wote watatu walikuwa wanatazama. Maji yalipungua kutoka ukingoni kuelekea katikati, taratibu, kana kwamba kuna anayeyafyonza kwa mrija, na midomo ya mtoto ilikuwa bado haijagusa sahani. Ikabaki rangi kavu.

Jikoni: pi, pi, pi.

Bwanali aliweka sahani chini. "Dawa zangu zote ni za maji," alisema kwa kunong'ona, "na huyu anayanywa. Hafukuzwi huyu, Mama Naima. Hana kosa. Umemtoa kwake ukamfungia kwenye sanduku la bati, maji ya boza si yake, hayamshibishi, na sasa anayatafuta kwa mtoto. Mrudishie ndoo yake. Mkono ulioitoa ndio uirudishe."

"Nitakwenda hata sasa."

"Kesho alfajiri. Ukishajitwika usiitue. Usigeuke. Na asinywe mtu kabla ya kisima. Asinywe mtu, umenisikia? Hata tone."

Alfajiri Stamili aliteremka kwa njia ya kando ya Shimo la Mungu, lile genge linaloshuka bondeni, na ndoo na ngata. Alikuta chemchemi kama mama mkwe alivyomwelekeza, akachota, akajitwika, akaanza kupanda. Yeye si mtoto wa huku juu. Hakuwahi kubeba maji kwenye mteremko ule, ambao wanawake waliomtangulia walipanda kila siku ya Mungu na mimba tumboni, na kabla ya robo ya njia shingo ilikuwa inawaka, na kila alipovuta pumzi alimwona Naima alivyomwacha, amelala kwa bibi yake, ulimi mweupe, akipumua kwa mdomo.

Jua lilipofika utosini alikuwa karibu na juu, pale njia inapopita kati ya mawe mawili, na hakukuwa na ndege wala nzi, hakukuwa na upepo, na ile harufu ya mvua ikamjia usoni ghafla, na mbele yake, katikati ya njia, na gauni lake la njano lililokuwa limepasuka kwapani na ambalo Stamili mwenyewe alilishona juzi, alikuwa amesimama Naima, miguu mitupu, midomo imepasuka mpaka damu, amekinga viganja viwili.

"Mama," alisema, "nina kiu."

Stamili alisimama. Maji kichwani yalicheza.

"Mama, kidogo tu. Nimekufuata. Bibi amelala. Mama, nakufa."

Sauti ilikuwa yake, na ile namna ya kuuvuta mwisho wa neno mama ilikuwa yake, na kovu la goti lilikuwa lake, na hakuna mtu duniani awezaye kumwambia mzazi kwamba lile ni goti la mwingine, na Stamili alifikiri, kama ni yeye na nikampita atafia hapa kwenye mawe, na kama si yeye na nikampa atafia kule kitandani, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika ndoo, na akajikuta anatembea, analia kwa sauti, anatembea, akampita ubavuni kwa karibu kiasi kwamba gauni lile lilimgusa paja, na lilikuwa kavu na la moto kama majivu, na nyuma yake ile sauti ikaendelea, mama, mama, mama, mpaka alipofika kwenye mikorosho ya kwanza, na hakugeuka.

Alimimina ndoo kisimani. Jikoni mashine, ambayo waya wake ulikuwa mkononi mwa Bwanali aliyekuwa akiilinda, ilitoa pumzi ndefu, mpira ukatikisika kwa urefu wake wote kuelekea uani, na E1 ikazimika.

Alikimbilia chumbani. Naima alikuwa kwenye mapaja ya bibi yake, anapangusa macho.

"Mama, ugali uko wapi?" aliuliza.

Stamili alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika. "Alitoka huyu?" alimuuliza mama mkwe. "Alitoka nje?"

"Hajatoka hapa mapajani tangu ulipoondoka."

Ndipo wote wakaenda jikoni kwa Bwanali, akawasimulia. Alisimulia akicheka na kulia, kama mtu aliyeshinda. "Alinijaribu, Mzee Bwanali. Mwenye maji alinijaribu, sikumpa."

Bwanali hakucheka. Aliuviringisha waya wa mashine kwenye kiganja, taratibu, mpaka ukaisha.

"Mwenye maji alikuwa humu ndani ya sanduku muda wote, Mama Naima," alisema. "Nimemlinda mwenyewe. Ndiye tuliyemsikia sasa hivi anaingia kwake. Huyo wa njiani simjui."

Nje, Dominika aliwasha redio.

Mvua zilikuja mwezi wa kumi na mbili, kisima kikajaa. Mashine imo stoo, juu yake pamewekwa magunia ya korosho, na Stamili anaosha vyombo kwa mkono uani, bila manung'uniko, na ndoo ya chini haitekwi. Naima amenenepa. Ashiru akija humtania mkewe kwamba ametupa zawadi ya dada yake kwa ndoto za mchana.

Lakini tangu siku ile Stamili hapitishi mchana bila kuisikia ile sauti, na kosa lake analijua: alimnyima maji mwenye sura ya mwanawe. Basi kila saa saba, jua likiwa utosini, hujaza kikombe kimoja, hukiweka kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, huingia ndani. Akirudi hukikuta kikavu. Hamwambii mtu. Naima akiuliza, humjibu ni cha kuku.

Juzi alikuwa anakijaza, Naima akaja kusimama karibu naye, akatazama njia iendayo Shimo la Mungu.

"Mama," alisema, "kasema nikwambie. Kimoja hakimtoshi."